Ofa za mafuta ya ndege "JP54" kutoka Rotterdam: someni hapa kabla hamjatuma hata senti

#1 Mchota Sampuli

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni miaka mitatu. Leo asubuhi ile hati imetua tena kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara, maneno yale yale: JP54, mapipa milioni mbili kila mwezi, FOB Rotterdam (yaani mnunuzi anachukua mzigo kwenye bandari hiyo ya Uholanzi), punguzo la dola kumi kwa pipa, komisheni ya madalali imeshatengwa. Nikasema leo naandika.

Baba yangu mdogo aliletewa hati kama hiyo. Alikuwa mwalimu, amestaafu, kiinua mgongo kimeingia juzi tu. Akaambiwa alipie siku tatu za kukodi tenki. Akalipa. Ikaja bima. Akalipa. Ikaja "ada ya kubadilisha jina la mwenye mzigo". Alipokuja kuniambia, dola 18,500 zilikuwa zimekwenda, na yule bwana aliyekuwa akimpigia kila asubuhi kumjulia hali hakupokea simu tena. Wakati huo mimi nilikuwa ndani ya uwanja wa ndege nikijaza mafuta kwenye ndege, mwendo wa daladala moja kutoka sebuleni kwake. Hakuniuliza kwa sababu alikuwa ameonywa kwamba biashara hii ni ya siri na ndugu ndio huharibu dili.

Kwa hiyo leo nasema ninayoyajua, ili mtu akiletewa hati aweze kuuliza maswali.

Tuanze na jina. Hakuna kiwango cha mafuta ya ndege kinachoitwa JP54. Herufi JP ni za jeshi la Marekani. Kuna JP-5, ya ndege zinazobebwa kwenye meli za kivita. Hiyo mvuke wake haushiki moto kabla ya nyuzi 60, maana moto ukiwaka ndani ya meli mabaharia hawana pa kukimbilia. Kuna JP-8, ambayo kwa asili ni Jet A-1, ile ya ndege za abiria, iliyoongezwa dawa za kuzuia barafu, kutu na umeme tuli. Hiyo 54 imechukuliwa kwenye bomba la Colonial la huko huko Marekani, ambalo huyapa mafuta yake namba ili kila mzigo ujulikane njiani. Matapeli wameshona vipande viwili vya nguo tofauti wakapata kanzu. Shirika la ndege linaloagiza mafuta halijui kitu hicho.

Ndege zetu, za Kenya, za Ulaya, za Ghuba, zinajazwa Jet A-1. Ni mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, meupe kama maji au yenye unjano wa mbali sana. Mvuke wake haupaswi kushika moto chini ya nyuzi 38, na hayapaswi kuanza kuganda kabla baridi haijafika nyuzi 47 chini ya sifuri. Marekani kwenyewe ndege za ndani hutumia Jet A, iliyo karibu sawa ila kikomo chake cha kuganda ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Tofauti ya nyuzi saba inaonekana ndogo ukiwa Dar kwenye joto la Februari, lakini ndege ikikaa saa tisa angani mafuta ndani ya mbawa yanapoa taratibu mpaka yanakaribia huko. Warusi wana TS-1 yao. Kaskazini ya Kanada hutumia Jet B, ambayo imechanganywa na mafuta mepesi ya jamii ya petroli ili injini iwake kwenye baridi kali, na kwa sababu hiyo ni hatari zaidi kuishika. Orodha ya kawaida haiendi mbali zaidi ya hapo.

Sasa pigeni hesabu ya hiyo ofa. Pipa moja ni lita 159. Mapipa milioni mbili ni lita milioni 318. Dreamliner yetu, 787-8, ukiijaza matenki yote mpaka juu inachukua kama lita 126,000. Maana yake ni kujaza Dreamliner 84 kila siku ya Mungu, mwezi mzima, bila kupumzika. Kwa uzito ni kama tani 254,000, yaani meli sita za tani 40,000 na mzigo mwingine unabaki gatini. Mtu mwenye mzigo huo hahitaji mwalimu mstaafu wa Tabata amtafutie mnunuzi.

Na bei. Mafuta huuzwa kwa kufuata bei ya Platts, kampuni inayotangaza bei za mafuta za soko la dunia, halafu muuzaji anaongeza premiamu yake, dola kadhaa kwa tani. Kwenye zabuni zetu za uagizaji wa pamoja kampuni zinashindana kwenye hiyo premiamu. Tangu mfumo huo uanze mwaka 2012, mafuta ya kutumika nchini yanaagizwa kwa pamoja, kwa zabuni, na sasa msimamizi wake ni PBPA, wakala wa serikali wa kazi hiyo. Hata ungekuwa na meli yako imejaa, usingeileta Kurasini ukashusha kama anayeleta mzigo wa mitumba.

Ninaendelea chini, nimeitwa kazini.

#2 Mzawa wa Ilemela

Mkuu, umenishtua. Mimi nipo katikati ya dili kama hilo sasa hivi. Ila kwangu naona ni tofauti kidogo: wameandika Jet A-1, siyo JP54. Wametuma ripoti ya ukaguzi yenye nembo na mhuri, picha za matenki, na hati ya kununua isiyobatilika nimeshasaini. Kesho natakiwa kutuma dola 6,200 za "dip test" ili wapime tenki mbele ya mwakilishi wangu. Tovuti yao ipo na namba ya simu ya Uholanzi inapokelewa. Tusihukumu wote kwa mmoja.

#3 Mchota Sampuli

Ndugu yangu, nakuomba kwa heshima zote, kesho usitume.

Mnunuzi halipi ada ya kupima tenki kwa mtu aliyekutana naye WhatsApp. Mkaguzi huajiriwa na pande mbili zinazofahamiana, kwa mkataba, na analipwa yeye moja kwa moja. Tovuti inatengenezwa siku moja. Mamlaka ya bandari ya Rotterdam imekwisha kutoa tahadhari kuhusu kampuni hewa za matenki zinazotumia jina la bandari yao, kwa hiyo hili siyo wazo langu la mtaani. Ingia kwenye tovuti yao rasmi, tafuta anwani yao, waulize kama kampuni hiyo ina tenki pale. Usitumie namba iliyo kwenye hati yako.

Halafu muulize muuzaji maswali matatu: mzigo una batch namba ngapi (namba ya fungu la mafuta), densiti yake (uzito kwa ujazo) kwa nyuzi 15 ni kiasi gani, na cheti cha ubora cha kiwanda kimetolewa na kiwanda kipi, tarehe ngapi. Jet A-1 ya kweli ina majibu hayo popote ilipo, hata ikiwa kwenye bauza, lori la kujazia ndege, la lita elfu kumi. Densiti lazima iwe kati ya kilo 775 na 840 kwa mita moja ya ujazo. Akikujibu kwa kukuambia utume pesa kwanza, umeshapata jibu.

#4 Msafiri wa Kipevu

Hujambo ndugu Mchota, na hongera kwa uzi. Mimi niko upande wa Kenya, nimefanya kazi ya mafuta Mombasa miaka mingi. Niongezee hapo kwenye batch, kwa sababu ndiyo roho ya kazi hii na wengi hawaijui.

Meli ikifunga Kipevu, gati la mafuta la Mombasa, kabla ya tone kushuka sampuli inatolewa matenki yote na kupelekwa maabara. Baada ya hapo mafuta yanaingia kwenye bomba la kwenda Nairobi. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 1978, kama kilomita 450, na mwaka 2018 bomba jipya la inchi 20 likachukua nafasi yake. Sasa, ndani ya bomba hilo hilo hupita petroli, dizeli na Jet, moja nyuma ya nyingine, bila ukuta wowote katikati. Watu hudhani kuna bomba la kila aina. Hakuna. Pale mkia wa dizeli unapogusa kichwa cha Jet, yanachanganyika, na sisi kazi yetu ni kukesha tukiangalia densiti inavyobadilika kwenye skrini. Ikianza kusogea unajua mpaka unafika. Kile kipande cha mchanganyiko unakikata, unakielekeza tenki lake pembeni, na Jet unaipokea pale tu ilipotulia kabisa. Ukichelewa dakika chache umeharibu tenki zima, na hakuna anayekuelewa.

Nairobi ikifika inapimwa tena upya, na cheti kipya kinaandikwa, kwa sababu cheti cha meli hakiwezi kusemea kilichotokea njiani. Ndipo iende JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ambako inapita chini ya ardhi hadi kando ya ndege.

#5 Mama Jasmini

Kaka zangu, naomba kuuliza mimi ambaye siko kwenye fani. Mmesema mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa. Ni sawa na haya ninayonunua kwa lita kibandani kwa ajili ya jiko la utambi? Mbona bei inakuwa juu?

#6 Mchota Sampuli

Dada, swali zuri sana. Mara nyingi ni mzigo ule ule ulioshuka kwenye meli ile ile. Huku kwetu huletwa bidhaa moja inayokidhi kiwango cha ndege, halafu nyingine inashushwa daraja na kuuzwa kama mafuta ya taa. Ikishashushwa daraja hairudi. Tone lililotoka kwenye mnyororo wa vyeti, hata kama liko safi kabisa machoni, halipandi tena ndege.

Bei ya kibandani imepandishwa na kodi kwa makusudi. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi, watu waliyatumia kuchakachua dizeli, injini za malori zikafa. Kwetu kodi ilipandishwa na vinasaba, yaani kemikali ya alama, vikaanza kuwekwa kwenye mafuta ya soko la ndani ili wakaguzi wajue yaliyochezewa. Kenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita. Walioumia ni wenye koroboi na majiko ya utambi kama wewe, na mimi siifurahii hesabu hiyo. Jet yenyewe haiwekwi vinasaba wala rangi.

#7 Rubani wa Nyika

Salamu wote. Naendesha ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, abiria wa mbuga. Naomba nilisemee jambo moja ambalo limewahi kuua watu sehemu nyingi duniani.

Ukiona pangaboi usidhani ni petroli. Caravan ina pangaboi moja puani, lakini injini yake ni ya tabaini na inakunywa Jet A-1. Cessna 206 iliyoegeshwa pembeni yake, ina pangaboi moja vile vile, injini yake ni ya pistoni na inakunywa Avgas, petroli ya ndege. Avgas 100LL ni ya bluu, ina madini ya risasi. Kosa baya zaidi ni kuweka Jet kwenye ndege ya pistoni. Mafuta yaliyobaki kwenye mirija yanatosha kuwasha, kutembea mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, hata kupaa. Injini inaanza kugonga ukiwa futi mia chache juu ya miti.

Ndiyo maana lebo ya Jet ni nyeusi na ya Avgas ni nyekundu, na mdomo wa bomba la Jet umetengenezwa bapa kama mdomo wa bata ili usiingie kwenye tundu dogo la ndege ya petroli. Lakini kwenye viwanja vya nyasi tunajaza kwa pipa la lita 200 na pampu ya mkono, na hapo mdomo wa bata haupo. Mimi nashuka mwenyewe kila mara. Nasoma pipa, nanusa, natia kidogo kwenye chupa nyeupe. Abiria wanalalamika jua kali, nawaomba radhi na ninaendelea kuangalia.

#8 Mchota Sampuli

Rubani, Mungu akutunze. Hapo kwenye chupa ndipo nilipotaka kufika.

Kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, kabla bauza halijasogea, nilikuwa nafungua koki ya chini kabisa ya tenki na kuchota kwenye chupa kubwa ya kioo. Chini kabisa, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta, na kama yameingia yatakuwa yamejificha hapo. Unaizungusha chupa kwa mkono mpaka mafuta yanafanya kisima katikati. Kama kuna uchafu, unakusanyika kwenye ncha ya hicho kisima, chembe moja juu ya nyingine, unauona. Kisha unachukua bomba la sindano, unaliweka kidonge chenye karatasi ya njano, unavuta mililita tano. Karatasi ikibaki njano, unasaini. Ikigeuka kijani, kuna maji, bauza haliondoki, hata kama rubani anapiga kelele na abiria wamekaa.

Pwani yetu ni adui mkubwa. Usiku tenki linapoa, linavuta hewa ya nje yenye unyevu wa bahari, asubuhi matone yako ndani ya kuta. Pale maji na mafuta yanapokutana huota kuvu, ute mweusi unaonata ambao unaziba vichujio na kula bati. Matenki ya Jet sakafu zake zimeinama ili maji yakimbilie sehemu moja, na mafuta hunyonywa kutoka juu kwa mkono unaoelea. Yakipokelewa yanaachwa yatulie kwanza ndipo yaguswe.

Mnaodhani ni urasimu, someni habari ya ndege ya Cathay Pacific namba 780, tarehe 13 Aprili 2010, kutoka Surabaya kwenda Hong Kong. Mabomba ya chini ya ardhi pale Surabaya yalikuwa yameongezwa urefu, na wakati wa ujenzi maji ya chumvi yakaingia. Maji hayo yakaharibu vichujio vya aina fulani vyenye unga unaonyonya maji, na unga ule ukageuka kuwa vipira vidogo sana vilivyopita mpaka kwenye ndege. Vikakwamisha vidhibiti vya mafuta vya injini zote mbili. Moja ikakaribia kuzima, nyingine ikang'ang'ania nguvu kubwa isitake kushuka. Ile ndege, Airbus A330, ilitua kwa kasi ya maili 230 hivi za baharini kwa saa, magurudumu yakashika moto, watu zaidi ya 300 wakatoka hai. Vichujio vya aina ile vimekuwa vikiondolewa duniani kote baada ya hapo. Kosa halikuwa la marubani wala la kiwanda kilichosafisha mafuta. Lilikuwa kwenye mita za mwisho.

#9 Kijana wa Kasulu

Mkuu nimefunguka macho. Sasa kwa mtu mwenye mtaji wa wastani, halali ipo? Au tuwaachie kampuni kubwa tu?

#10 Mchota Sampuli

Ipo, lakini haiko Rotterdam. Iko kwenye kusafirisha. Mwanza, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Kigali, Bujumbura wote wanahitaji Jet ifike, na sehemu kubwa inakwenda kwa malori. Lori la Jet ni la Jet peke yake, leo usibebe dizeli kesho ukaja nalo depo. Tenki liwe la alumini, chuma kisichoshika kutu, au liwe limepakwa rangi maalumu ndani. Shaba na mabati ya zinki hayatakiwi yaguse mafuta kabisa, yanaharibu uwezo wake wa kuvumilia joto la injini. Nenda EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, uulize masharti ya leseni, uende na maswali yako kwa kampuni zenye depo uwanjani, uone mkataba kabla hujakopa benki. Faida ni ndogo kwa lita, inakuja kwa kukimbiza lori vizuri miaka mingi.

Na tazama pia mafuta ya ndege yanayotengenezwa kwa mimea na mabaki ya mafuta ya kupikia. Mei 2023 Kenya Airways iliruka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya namna hiyo kutoka Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, na Eni hiyo hiyo inanunua mbegu za nyonyo kwa wakulima wa Kenya. Ulaya kuanzia 2025 wasambazaji wanalazimika kuweka asilimia 2 ya mafuta ya namna hiyo kwenye viwanja vyao. Mkulima wa nyonyo yuko karibu na biashara ya mafuta ya ndege kuliko dalali mwenye hati ya JP54.

#11 Msafiri wa Kipevu

Hilo la lori ni kweli kabisa. Na wa Uganda wasisahau kwamba tangu 2024 uagizaji wao unapitia UNOC, kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda, kama vile sisi tangu 2023 tunavyonunua kwa makubaliano ya serikali na kampuni za Ghuba. Kila nchi ya ukanda huu mlango wa kuingizia mafuta unajulikana na una mwenyewe. Anayekuambia ana dirisha la nyuma, mwombe akuonyeshe.

#12 Mzawa wa Ilemela

Wakuu, narudi. Nilimwandikia yule bwana maswali matatu kama nilivyoelekezwa. Akakaa saa mbili. Akajibu kwamba batch namba ni siri ya kiwanda, na kwamba densiti ni "54". Nikamwambia naomba nizungumze na bandari kwanza. Akakasirika, akasema kesho asubuhi mzigo anapewa Mchina na mimi nitashtakiwa kwa kuvunja hati niliyosaini.

Sijatuma zile 6,200. Ila sikusema yote jana: nilishatuma 1,400 mwezi uliopita, za usajili. Na nakala ya pasipoti yangu wanayo. Nifanyeje?

#13 Mchota Sampuli

Kwanza asante kwa kusema, najua si rahisi. Hakuna mahakama itakayokushtaki kwa hati hiyo, usilale na hofu hiyo.

Leo hii, siyo kesho, nenda benki uliyotumia na risiti ya ule muamala, waombe kwa maandishi wafuatilie pesa kwa benki iliyopokea. Toka hapo nenda polisi, fungua jalada la utapeli wa mtandaoni, wape mazungumzo yote, usifute hata meseji moja. Kuhusu pasipoti, waulize uhamiaji utaratibu, kwa sababu kuna uwezekano jina lako likatumika kwenye hati watakayomtumia mtu mwingine. Akikupigia mtu akisema anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo, ni wao hao hao.

Namba yangu nakutumia PM. Nikitoka zamu saa nane nitakuwa hewani, tupige simu Rotterdam pamoja.